Makindu: Nyumba Isiyokuuliza Dini Yako

Wasee, tuanze na majina, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu huku Garissa hupotelea. Mhindi ni mtu yeyote mwenye asili ya India. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu, yule ambaye wazee wa pwani walimwita Baniani. Halafu kuna Kalasinga, yule wa kilemba na ndevu. Dini yake inaitwa Usikh, na ni dini nyingine kabisa: haina sanamu, ina Mungu mmoja na kitabu kimoja. Jina Kalasinga lenyewe inasemekana limetokana na mfanyabiashara mmoja wa zamani aliyeitwa Kala Singh. Alijulikana sana hadi kila mwenye kilemba akapewa jina lake. Ni kama vile Nairobi kila Msomali anaitwa Warya, hata kama mama yake alimpa jina zuri.

Kwa hivyo ukisikia watu wakisema "lile hekalu la Wahindi pale Makindu", jua ni gurdwara, yaani nyumba ya ibada ya Makalasinga. Wahindu nao huenda pale, wengi tu, na hutoka hadi Kampala na London kulizuru. Lakini stori yenyewe ni ya Makalasinga na reli.

Unaweza kuniuliza, kijana wa Garissa anatafuta nini kwenye hekalu la Makindu? Swali poa. Kutoka Garissa kwenda Mombasa una njia mbili: upite chini, Hola na Garsen mpaka Malindi, au uzunguke Nairobi halafu ushike barabara ya Mombasa. Ukizunguka, baada ya kilomita kama 160 kutoka Nairobi unafika Makindu, kaunti ya Makueni. Mji mdogo, jua kali, vumbi jekundu. Wengi wanasema jina limetoka kwa mikindu, ile miti inayotoa ukindu wa kusuka mikeka. Na kando ya barabara kuna hilo hekalu, ambalo kwa miaka mingi limelisha kila anayepita. Bure. Si ati bure ya kampeni, bure ya kweli.

Sasa turudi nyuma kidogo. Waingereza walianza kujenga reli Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Kazi ya mikono walileta watu kutoka India, karibu 32,000 kwa mkataba, wengi wao kutoka Punjab. Karibu 2,500 walikufa. Shuleni tunafundishwa tu kuhusu wale simba wawili wa Tsavo wa 1898, kwa sababu simba wanauza. Mmoja wa walioliwa mapema alikuwa Kalasinga anayeitwa Ungan Singh, jemadari wa wafanyakazi. Lakini wengi hawakuuawa na simba, waliuawa na malaria, kuhara na ajali. Mkataba ulipoisha wengi walirudi kwao, na karibu 6,700 wakabaki hapa.

Makindu ilikuwa kituo muhimu cha hiyo reli. Injini za mvuke zilihitaji maji, kuni na mafundi, kwa hivyo palikuwa na karakana na nyumba za wafanyakazi. Masimulizi yanasema kwamba jioni, kazi ikiisha, Wapunjabi walikuwa wanakusanyika chini ya mti mmoja. Kalasinga, Mhindu na Mwislamu, wote pamoja, wakaimba na kumtaja Mungu, kila mmoja kwa jina analolijua. Hebu fikiria hiyo picha. Ni vijana wa umri wetu, wako mbali na mama zao, simba wako gizani, na kilichowaunganisha ni lugha moja na uchovu mmoja. Mwaka 1926 Makalasinga wa reli wakajenga hekalu pale walipokuwa wanakutana.

Shika huo mwaka, 1926.

Mwaka huo huo, upande wetu wa nchi, serikali ya kikoloni ilitumia sheria iliyoitwa Outlying Districts Ordinance kufunga Northern Frontier District, yaani NFD, eneo ambalo Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa ndani yake. Eneo lililofungwa maana yake ni nini? Hutoki bila pasi. Huingii bila pasi. Mchungaji anayefuata mvua na ngamia wake, kama babu zake walivyofanya tangu zamani, sasa anahitaji karatasi ya mzungu ili avuke mstari asiouona. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine ya kubana zaidi. Reli haikuletwa kwetu, barabara haikuletwa kwetu, shule zilikuja kwa kijiko. Tulicholetewa ni swali: wewe ni nani, na unaenda wapi?

Sisemi kuna mtu alikaa mahali akapanga hizi habari mbili ziangukiane. Ni kalenda tu. Lakini mimi kila nikisoma 1926 naona barabara mbili za Kenya moja. Kwenye moja, watu waliotoka ng'ambo wanajenga nyumba ya kupokea wapita njia. Kwenye nyingine, wenyeji wanageuzwa wapita njia katika ardhi yao.

Na lile swali halikuondoka na mzungu. Uhuru ulikuja Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha sisi tukawekwa chini ya hali ya hatari, vita vya Shifta vikaanza. Hiyo hali ya hatari iliondolewa 1991. Hesabu mwenyewe. Katikati hapo kuna Garissa ya 1980, kuna Wagalla ya 1984, mambo ambayo wazee wetu mpaka leo wakiyasimulia hushusha sauti kwanza. Mwaka 1989 serikali ilisema Wasomali wa Kenya wote wapigwe msasa upya, tukapewa kadi ya ziada ya kuthibitisha kwamba kitambulisho tulicho nacho ni chetu. Kadi ya kuthibitisha kadi! Na kijana wa Garissa wa juzi tu, akifika miaka 18, alikuwa anapitia kamati ya wazee ya kumchuja kabla apate ID. Februari 2025 ndipo rais alisimama Wajir akatangaza kwamba hiyo kamati imekwisha. Mimi nilikuwa tayari nimeshapita kwenye chujio.

Rudi Makindu sasa. Hekalu halikuwa na maisha rahisi pia. Kazi ya reli ilipohamishwa, Makalasinga wakahama na kituo, na nyumba ikabaki karibu tupu kwa miaka mingi. Kilichoirudisha ni barabara. Wasafiri wa Nairobi na Mombasa walianza kusimama, wakaombea safari, wakatoa ahadi kwa Mungu, na waliotimiziwa dua zao wakarudi na shukrani. Leo ni mahali pa kuzuriwa. Wanaoenda wanaamini kwamba dua inayoombwa pale haipotei. Familia inaweza kuomba kisomwe kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, mwanzo hadi mwisho bila kukatisha. Ni kurasa 1,430, na wasomaji hupokezana usiku na mchana kwa saa kama 48. Ukiwa umelelewa na khitma za Kurani, hiyo haikushangazi sana. Unatambua tu kwamba kuna watu wengine wanaokesha na kitabu.

Lakini moyo wa hiyo nyumba, kwa maoni yangu, uko jikoni. Chakula kile kinaitwa langar. Desturi hiyo ilianza na Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, aliyezaliwa 1469 Punjab, mahali ambapo leo ni Pakistan. India ya wakati ule, mtu wa tabaka la juu hakuweza kula na mtu wa tabaka la chini. Angejiona amechafuka. Mwislamu na Mhindu nao hawakukaa mkeka mmoja. Guru akasema basi wote wakae chini, safu moja, wale chungu kimoja. Kuna simulizi yao maarufu kwamba mfalme Akbar, Mwislamu, bwana wa sehemu kubwa ya India ya kaskazini wakati huo, alienda kumtembelea Guru wa tatu, Amar Das. Akaambiwa kwanza akae sakafuni ale na watu wa kawaida, halafu ndiyo aonane na Guru. Akakaa. Mazee, jaribu kumwambia hivyo mheshimiwa wetu yeyote kwenye harusi hapa mjini, uone walinzi wake watakufanya nini.

Mimi nilisimama pale mwaka jana na rafiki zangu wawili, tukitoka Nairobi kushuka Mombasa. Unavua viatu, unaosha mikono, unafunika kichwa. Kuna vitambaa vimewekwa, lakini mimi nilikuwa na kofia yangu ya swala na hakuna aliyesema kitu. Hapo nilikumbuka ile methali, Baniani mbaya kiatu chake dawa. Kwa Kalasinga kiatu chako mwenyewe unakiacha nje. Chakula kilikuwa dengu, mboga, wali, chapati na achari, na chai ya maziwa nzito kama shaah ya Bulla. Nyama hakuna. Kwa hivyo wale wa kuuliza "hiyo nyama ilichinjwa na nani", tulieni, hakuna kilichochinjwa. Kuna kitu kitamu cha unga, samli na sukari wanachogawa kwenye ukumbi wa ibada, kinafanana na halwa yetu ila ni laini zaidi. Hicho ni sehemu ya ibada yao, na rafiki yangu mmoja hakutaka kukipokea. Alitikisa kichwa kwa heshima, mzee akatabasamu, akapita. Hatukuinama mbele ya kitabu chao, tulikaa tu upande wa kulia chakula. Mimi si mufti, kila mtu amuulize sheikh wake. Nawaambia tu nilichoona.

Na nilichoona ni dereva wa lori la Uganda akila kando ya mama Mhindi mwenye bangili za dhahabu mpaka kwenye kiwiko. Niliona wapishi, niliowasikia wakiongea Kikamba. Na kilichonikaa kichwani ni kwamba kutoka tunavua viatu mpaka tunaosha sahani, hakuna mtu aliyetuuliza tunatoka wapi. Kwa msee wa Garissa hilo si jambo dogo. Ukitoka kwetu, ukivuka daraja la Tana tu, basi husimama, na wale wenye sura kama yangu ndio wanaoshuka na kipande mkononi. Tumezoea kiasi kwamba mimi pale Makindu nilikuwa nimeshaweka ID yangu kwenye mfuko wa shati, tayari kwa kutolewa.

Msiniambie sasa nawapamba Wahindi. Si malaika. Koloni liliwaweka katikati, mzungu juu, Mwafrika chini, na wengi wao walizoea hicho kiti cha kati. Wazee wetu wamesimulia maduka ambako mfanyakazi alilia mikononi mwa tajiri. Kusema ukweli hata sisi Wasomali tulikitaka hicho kiti. Mwaka 1936 ilipotoka sheria mpya ya kodi, Wasomali wa Isaaq waliokuwa Nairobi na miji mingine walipigana na serikali miaka kadhaa. Unajua walidai nini? Walipe kodi KUBWA ya Wahindi badala ya ile ndogo waliyowekewa, kwa sababu kodi kubwa ilikuwa na cheo. Mtu anaomba atozwe zaidi ili asihesabiwe mweusi. Nikisoma hiyo nacheka halafu nanyamaza.

Halafu kuna Punjab yenyewe, na hapa ndipo mti wa Makindu unakuwa mzito. Mwaka 1947, miaka 21 tu baada ya hekalu kujengwa, India ilikatwa vipande viwili, na mstari ukapita katikati ya Punjab. Watu zaidi ya milioni 10 walihama. Waliouawa, wanahistoria wanabishana, wengine wanasema laki kadhaa, wengine milioni moja. Makalasinga, Wahindu na Waislamu, majirani wa vizazi na vizazi, walichinjana. Treni zilisimamishwa njiani, wanaume wakaulizwa dini, wengine wakavuliwa nguo ili ionekane kama wametahiriwa, na treni zikafika stesheni zimejaa maiti. Ni watu wale wale. Lugha ile ile iliyoimbwa chini ya mti. Familia nyingi za Kipunjabi za Kenya, Waislamu na Makalasinga, zilikuwa na ndugu huko.

Kwa hivyo usidhani watu wa langar ni watu ambao hawajui kuuliza hilo swali. Wanalijua. Damu yao imelijibu.

Na sisi je? Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa asubuhi, abiria wakatenganishwa, walioshindwa kutamka shahada wakauawa. Watu 28. Aprili 2, 2015, hapa hapa kwetu, chuo kikuu, alfajiri, wanafunzi wakaulizwa dini yao. Waliokufa walikuwa 148. Mimi nilikuwa mtoto, lakini kila mtoto wa Garissa anakumbuka milio ya ile siku na ukimya wa wiki zilizofuata. Wauaji walisema wanatutetea. Walichofanya ni kuchukua lile swali la koloni, lile la kizuizini, na kuliwekea risasi.

Ila kuna basi lingine. Desemba 2015, njia ya Mandera, karibu na El Wak. Wakasimamishwa tena, wakaambiwa Waislamu wakae huku, Wakristo kule. Abiria Waislamu wakakataa. Akina mama walikuwa wameshawapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike, wengine wakawaficha nyuma ya mizigo. Wakawaambia wale jamaa, mtuue wote au mtuache wote. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu huko Mandera, alipigwa risasi, akafariki hospitalini Nairobi Januari 2016. Filamu fupi ya Watu Wote ilitengenezwa kutokana na kisa hicho, na ikateuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Wengi wenu mmeiona. Kama hujaiona, leo usiku itafute kabla hujafungua mpira.

Watu wakiniambia hija ni safari ya kwenda mahali patakatifu, mimi siwezi kufikiria Makindu bila kufikiria hilo basi. Kwangu mimi utakatifu wa Makindu hauko kwenye kuba wala kwenye marumaru. Uko kwenye kwamba mtu anashuka garini akiwa na njaa na hachambuliwi. Na lile basi, kwa dakika chache pale kwenye vumbi la El Wak, lilikuwa nyumba ya namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba Makindu ina jiko, vyumba vya kulala na watu wa kuitunza kila siku. Basi letu lilikuwa na ujasiri wa siku moja, na mwalimu mmoja akaulipia.

Najua mtakalosema: sisi tuna martisoor, ukarimu kwa mgeni, tangu zamani. Ni kweli. Ayeeyo wangu anasema mgeni akifika bomani anapewa maziwa kwanza, habari ataulizwa akishashiba. Hiyo ni langar, walaal, tulikuwa nayo kabla ya reli. Lakini hebu niambie, leo ukitafuta nyumba ya kupanga Garissa mjini, au kibarua kwenye ofisi fulani, swali la kwanza ni lipi? Qolamaa tahay? Wewe ni ukoo gani? Tunalia kuhusu kizuizi cha darajani halafu tunaweka vizuizi sebuleni. Na mwalimu kutoka bara anayekuja kufundisha watoto wetu, baada ya kila kilichotokea, ni nani huku anayemkaribisha chai bila kwanza kumpima? Wapo. Nawajua wachache. Natamani wasingekuwa wa kuhesabika.

Kuna vijana tunaoongea nao kuhusu kitu kidogo tu, sufuria ya shaah na anjera kwa wasafiri, wakati wa mfungo na hata nje ya mfungo, pale mabasi yanaposimama. Bado ni maneno, hatujakubaliana hata nani atanunua sukari. Mmoja alishauliza kama tutawapa pia polisi. Tulibishana mpaka saa sita usiku.

Kwa wanaotaka kwenda Makindu: hakuna kiingilio. Sigara, pombe na miraa zako ziache kwenye gari. Funika kichwa, mwanamume na mwanamke. Chukua chakula unachoweza kumaliza, wenyewe hawapendi kuona sahani ikirudi na mabaki. Kuna sanduku la sadaka, hakuna anayesimama kando yake kukuangalia. Ukifika usiku umechoka, kuna vyumba vya wasafiri, uliza kwa adabu. Mabasi mengi ya kampuni hayasimami pale, kwa hivyo bora mwende na gari lenu au mshuke mjini Makindu mpande boda.